Mtu Hauawi na Kelele

Koplo alikwishaifunga kesi na kuikaza kamba. Ilibaki saini ya Inspekta tu.

"Afande, hii nyepesi," alisema, akaliweka jalada mezani kwa madaha ya mtu aliyekamata simba kwa mkia. "Ndugu wawili wamegombana asubuhi, mtaa mzima umesikia. Mkubwa yuko juu ya ngazi anachora bango. Mdogo yuko chini ya ngazi. Mkubwa anaanguka, shingo inavunjika. Sasa ngazi ilijitikisa yenyewe?"

Inspekta alilivuta jalada taratibu. Pale kituoni walimwita Kobe, naye hakukasirika, maana ni kweli alikuwa wa polepole. Jambo ambalo wenzake wangelimeza zima yeye alilitafuna mpaka waliomzunguka wakachoka kumtazama. Alichomoa picha za marehemu, akazisogeza dirishani penye mwanga.

"Kesho asubuhi kijana anapandishwa kortini," Koplo alikumbusha. "Kosa la kuua. Bosi ameshasema."

"Nimesikia. Njoo uone mikono."

"Mikono ina nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyefunga kesi."

Koplo akainama. Pichani mchoraji wa mabango alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, uso umepasuka vibaya. Viganja vyake havikuwa na mchubuko hata mmoja, rangi tu. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika brashi.

"Mtu akianguka hutanguliza mikono," Inspekta alisema. "Hata mlevi. Hata mtoto anayejifunza kutembea. Huyu katoka juu ya ngazi hadi chini, hakudaka kitu, hakukinga uso."

"Labda alizimia, afande."

"Aliyezimia hulegea. Brashi ingemponyoka. Huyu amekufa ameikaba. Na mdogo wake mlimkuta wapi?"

"Palepale chini, kipaji cha uso kinavuja damu. Nadhani kaka yake alimwangukia."

"Unadhani. Na mikono yake uliitazama?"

Koplo akakohoa. Alikuwa mwepesi wa kila kitu, kijana yule, isipokuwa kukiri.

Wakashuka mahabusu. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mbali na kuta, mbali na wenzake, plasta kubwa usoni. Mtaani walimwita Gogo. Inspekta akafunguliwa, akaingia, akamsalimu. Kijana akafungua mdomo aitikie, na hapo askari wa zamu akalibamiza lile lango la chuma kama alivyozoea kulibamiza kila siku ya Mungu.

Kijana alikauka. Mabega yalimpanda, mikono ikambana mbavuni, macho yakabaki wazi, akaanza kwenda mbele mzimamzima. Inspekta alimdaka bega moja tu. Kidevu kikagonga sakafu.

"Sinema hiyo!" Koplo akapiga kelele. "Na jana nilipogonga meza alifanya hivyohivyo. Mtu asiye na hatia hashtuki namna hiyo!"

"Punguza sauti." Inspekta alikuwa ameshapiga magoti. Aligeuza viganja vya kijana, vilikuwa laini, vizima. Kisha akatazama uso. Chini ya plasta na juu ya plasta palikuwa na makovu ya zamani, mengine yamepanda juu ya mengine. Kidevu kilishashonwa. Meno mawili ya mbele yalikuwa vipande. "Mwigizaji hulinda meno yake, Koplo. Huyu ameanguka maisha yake yote, na hajawahi kutanguliza mkono."

Kijana alipoanza kulegea, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuomba radhi. Inspekta alimkalisha, akampa kitambaa cha kujifutia damu.

"Ni kifafa?"

"Si kifafa, afande. Nasikia kila kitu, naona kila kitu, mwili tu ndio unakataa. Kelele ya ghafla, au mtu anishike bila kutegemea, basi nakauka. Ni ya ukoo. Mama alikuwa nayo. Kaka alikuwa nayo kuliko mimi."

"Mwenye maradhi hayo anapanda ngazi?"

"Ndiyo kazi aliyoijua. Kelele ukiijua kuwa inakuja haikuangushi, unatikisika kidogo tu. Ngazi tuliifunga kwa kamba, haitingishiki hiyo. Kazi yangu mimi ilikuwa kusema. Gari linakuja, nasema, 'Gari hilo.' Mtu anafunga mlango, nasema, 'Mlango huo.' Siku nzima nasema. Watu walidhani sina akili."

Koplo akatazama pembeni. Naye ndivyo alivyodhani.

"Na ugomvi?"

"Vidonge. Hospitali wanavyo, vinapunguza. Nilitaka aende, ampeleke na mtoto wake. Akasema akienda siri imetoka, nani atampa kazi ya juu mtu anayeanguka? Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua." Akajigusa mdomo. "Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu huu. Halafu akapanda."

"Ukaacha kusema kwa hasira?"

"Hapana! Sikuona cha kusema. Bati lilianguka huko nyuma ya ukuta, paa! Nikawa chini. Nimelala, macho yako wazi, namwona kaka anakuja. Namwona, afande, na siwezi hata kuinua kidole."

Akalia, bila haya, kwa sauti ya mtoto. Inspekta alimwacha amalize.

"Nani wanaijua siri hii?"

"Mimi. Kaka. Shemeji yangu, mke wa kaka. Basi."

Walipotoka, Inspekta aliuliza bila kugeuka, "Hilo bati lipo kwenye jalada?"

"Majirani walilitaja," Koplo alisema taratibu. "Sikuliandika. Afande, mtu hauawi na kelele."

"Twende tukaone."

Karakana ya mabango ilikuwa uani, nyuma ya duka la rangi. Duka lilikuwa la baba mkwe wa marehemu, na ua aliwapa yeye mwenyewe siku alipomwoza binti yake. Inspekta alizunguka humo mikono mgongoni. Fremu ya mlango ilipigiliwa raba ya tairi kuukuu. Kengele ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani ilikuwa imefungwa kitambaa. Makopo matupu yalipangwa juu ya mkeka, kila moja na gazeti katikati yasigongane. Hata nyundo ilivishwa soksi. Ukutani bango lilikuwa limeishia nusu, na mstari wa mwisho wa rangi nyekundu ulikuwa umeteleza kwenda chini.

Mlango wa nyuma wa duka ulifungukia ua huohuo. Mzee mwenyewe aliwapokea, akawaingiza stoo. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hata siku ya msiba.

"Bati ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa nayapanga, moja likaniponyoka. Kama ni kosa, nifungeni."

"Kuponyokwa si kosa, mzee. Lipi hilo?"

Mzee akalionyesha. Yalikuwa mabati bapa, ya kuchorea mabango, makubwa kama milango. Inspekta alilivuta lile, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye kila pembe.

"Ulimjua mkweo kuwa ana maradhi?"

"Maradhi gani? Nilijua ana mkono mzuri wa herufi. Kuanguka-anguka nilidhani anapiga mtungi kwa siri. Nikanyamaza. Mkwe humsemi."

"Na magunia haya?"

Sakafu yote ya stoo ilitandikwa magunia, mawili-mawili. Ila mbele ya mlango wa uani saruji ilikuwa wazi, na magunia ya hapo yalikuwa rafuni, yamekunjwa vizuri.

"Aliyaweka yeye. Alisema makelele yanamharibia mkono. Hayo ya rafuni niliyatoa kuyakung'uta vumbi."

"Siku hiyohiyo."

"Vumbi halichagui siku, mwanangu."

Jibu zuri. Majibu yote ya mzee yalikuwa mazuri, na Inspekta hakuyapenda hata moja. Alishukuru, akatoka. Walipofika kwenye gari, Koplo hakuweza kuvumilia.

"Anajitia hamnazo yule!"

"Bati likikuponyoka hutua kwa pembe, pembe ikapinda. Lile pembe zake zote nne nzima. Limetua bapa. Mtu kalishika kwa mikono miwili, kalinyanyua, kaliachia kwenye saruji aliyoivua magunia mwenyewe."

"Basi tumkamate!"

"Kwa lipi? Kwa kupiga kelele dukani kwake? Kama hakujua habari ya mkwewe, ni bahati mbaya, na hakimu atampa pole. Kama alijua, ni mauaji. Kesi nzima imekaa hapo."

"Na kujua hakuachi alama za vidole," Koplo alisema.

Kwa mara ya kwanza siku ile Inspekta alimtazama kwa upendo kidogo.

Nyumbani kwa marehemu waombolezaji walikuwa wamekwishatawanyika. Inspekta alimwacha Koplo garini apige simu kituoni, yeye akavua viatu mlangoni. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto wa miezi michache amelala mbele yake juu ya khanga. Alikuwa mwanamke mdogo, macho yamevimba, na alizungumza kwa sauti ya chini iliyokwishakuwa desturi yake.

"Shemeji yangu hakumuua," alisema hata kabla ya salamu kuisha. "Wale walikuwa pumzi moja."

"Naamini. Lakini kesho anasomewa mashtaka, na kuamini kwangu hakutoshi. Dada yangu, baba yako aliijua hali ya mumeo?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Mume wangu aliniapisha. Sikumwambia baba wala mama yangu aliye kaburini."

Inspekta akamtazama mtoto. "Huyu ni wa kwanza?"

Mjane alimfukuzia mtoto nzi. "Wa pili. Wa kwanza tulisema ni homa." Akashika ncha ya khanga, akaikunja, akaikunjua. "Haikuwa homa. Mimi nilikuwa sokoni. Nilimwacha na baba hapahapa. Kitu kikaanguka nje, mtoto akakauka, akakata pumzi. Baba alitoka naye mbio barabarani, anamwita mtu yeyote. Akamfia mikononi. Na mimi sikuwa nimeambiwa kitu! Mume wangu aliniambia siku tuliyotoka kuzika. Ndipo akanionyesha na cha kufanya. Baada ya kuzika, kaka yangu."

"Ukamsamehe?"

"Alilia sana. Nikamsamehe." Alifuta pua. "Baba sikumwambia. Ningeanzaje? Ningemwambia mjukuu wako amekufa bure?"

Mlango ukasukumwa polepole. Baba yake aliingia na ndoo ya maji, akaitua isigonge sakafu, akamwona Inspekta. Akaketi kwenye kigoda cha upande wa pili wa mkeka. Nje manyunyu yakaanza, na mjane akakumbuka nepi kwenye kamba.

"Nakuja sasa hivi. Baba, mtazame."

Wakabaki wanaume wawili na mtoto kati yao. Inspekta aliongea kama anayejisemea.

"Nilikuwa natazama bati lako, mzee. Halina pembe iliyopinda."

"Lilianguka bapa."

"Juu ya saruji tupu."

"Umeshaniuliza hilo, nimeshakujibu. Unataka nini zaidi? Mimi ni muuza rangi. Maradhi ya watu siyajui, sikuambiwa. Muulize binti yangu."

"Nimemuuliza."

"Kasemaje?"

"Kasema hujui."

"Basi," mzee alisema, na mabega yake yakashuka kidogo.

Hapo ndipo Koplo, akikimbia mvua, alipoingia kwa mlango wa nyuma. Ukumbi wa nyuma ulikuwa na giza. Mguu wake ulilikuta beseni la bati alilolisahau mmoja wa waombolezaji, nalo likaruka likagonga ukuta, likazunguka kwenye saruji likilia.

Mtoto hakulia. Mikono midogo ilimrukia juu, ngumi zikafumbwa, mgongo ukanyooka kama ubao. Kifua kikasimama. Inspekta alijitupa mbele, akamshika, akamgeuza, akampuliza usoni, akampiga mgongoni kidogo. Ilikuwa kama kushika kuni. Midomo ilianza kuingia rangi ya zambarau.

"Mama yake!" alipiga kelele. "Koplo, mwite mama yake, haraka!"

Koplo akakurupuka kurudi alikoingilia. Inspekta akainua uso. Mzee alikuwa amesimama. Alimtazama mtoto, akamtazama Inspekta, akamtazama mtoto tena, na jasho likamtoka kwenye paji papo hapo. Mikono yake ilitoka mbele ikarudi. Mvua ilisikika vizuri nje. Mama alikuwa hajafika.

"Nipe," mzee akasema. "Nipe hapa! Sivyo hivyo!"

Akampokea. Kiganja kimoja akakiweka kisogoni, kingine akakipitisha chini ya miguu, akamkunja mtoto kwa nguvu na kwa upole pamoja, kichwa kikakutana na magoti. Akamwachia kidogo, akamkunja tena. Hakubabaika, hakutafuta, mikono yake ilikwenda moja kwa moja. Mara ya tatu ule ubao ukavunjika. Mtoto alivuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kisha akapiga yowe la hasira, na rangi ikamrudia.

Mzee aliketi chini, mtoto kifuani.

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Nani alikufundisha hivyo, mzee?"

Mzee akaivuta khanga, akamfunika mtoto.

"Binti yako hakukufundisha. Mkweo hakukufundisha. Kelele imemkausha mtoto, na wewe umejua ni nini na dawa yake. Nani?"

"Daktari," mzee alisema mwishowe. "Nilipomzika yule wa kwanza sikuweza kulala. Nilimfuata daktari, nikamweleza alivyokauka mikononi mwangu. Akaniuliza kama kwenye ukoo wa baba yake kuna watu wanaoanguka. Nikajua. Akachukua mto, akanionyesha. 'Angekunjwa tu hivi,' akasema, 'angeishi.' Angekunjwa tu! Nilikimbia naye barabara nzima kumbe dawa ilikuwa mikononi mwangu mwenyewe. Nikaja nikafanya mazoezi na mto kila siku, huyu alipokaribia kuzaliwa."

"Na mkweo?"

"Yeye alijua tangu zamani. Aliletewa mtoto, akamtazama akilala, akajua, akanyamaza. Kwa nini? Watu wasimcheke. Miaka yote nimesubiri aniambie, 'Baba, nisamehe.' Ananiamkia asubuhi, ananiuliza habari za biashara!" Alimtuliza mtoto kwa kumsugua mgongo. "Siku ile nikawasikia wanagombana. Mdogo wake anamsihi ampeleke huyu hospitali. Yeye anasema siri, siri. Siri tena! Nikaona atanizikisha na wa pili."

"Ukakunja magunia."

"Nilitaka aanguke."

"Alikuwa juu ya ngazi, mzee."

"Najua alikuwa wapi."

Inspekta akageuka. Nyuma yake palikuwa na mtu. Mjane alisimama mlangoni, nepi mbichi zimemwangukia miguuni, Koplo nyuma yake. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulisema amesikia ya kutosha.

"Baba," alisema. "Shemeji yuko ndani. Kesho wanampeleka kortini kwa kosa la kuua. Ungemwacha?"

Mzee akamkumbatia mtoto zaidi.

"Jana ulinishika mkono tukalia pamoja. Ukaniambia yule kijana ana roho mbaya. Ungemwacha afungwe?"

"Nilikufanyia wewe," mzee alisema. "Wewe na huyu."

"Sikukutuma."

Alivuka mkeka, akamchukua mtoto. Mzee hakumwachia mara moja, vidole vilibaki kwenye khanga, na ikabidi binti avibandue kimoja kimoja. Koplo akachomoa pingu, zikalia kidogo tu, mtoto akaruka begani kwa mama yake. Inspekta akazishika pingu zote kwa kiganja zisicheze, akazitia mfukoni mwake.

"Ataenda bila hizi. Mzee, twende."

Mzee alisimama kwa shida, akatafuta viatu vyake. Mlangoni aligeuka, akangoja labda aambiwe kitu. Mjane alikuwa anamtazama Inspekta.

"Shemeji anatoka lini?"

"Leo hii. Naenda kumfungulia mimi mwenyewe."

"Mwambie asipitie kwake, aje hapa moja kwa moja. Na mwambie neno moja." Akampa baba yake mgongo, akamweka mtoto begani vizuri. "Kama kuna lingine lolote mlilonificha katika ukoo huu, na aje nalo. Nimechoka kuwa mtu wa mwisho kujua."